Nukta ya Mbeya

Ilomba, Mbeya
Alasiri, basi ni kesho

Mwanangu Tusekile,

Barua za watu wenye adabu huanza kwa kuuliza hali. Mimi sina haja ya kuuliza, maana hali yako nimeiona sasa hivi: umepita hapa dirishani na mama yako, umebeba kikapu cha ndizi za kumpelekea bibi, mnacheka, na nadhani mnanicheka mimi. Mimi pia ni mzima, ila vidole vimeanza kulalamika na hata ukurasa haujaisha.

Utashangaa kwanza kwamba nimeandika. Tunaishi nyumba moja, na mdomo wangu unajulikana kuanzia hapa mpaka Mwanjelwa. Halafu utashangaa kwamba nimeandika kwa penseli. Kila mtu anajua nina kalamu ya wino, ile yenye kifuniko cha dhahabu, inayokaa mfukoni mwa shati hata siku shati lenyewe limetoboka. Ngoja kidogo. Penseli ina sababu yake, tutafika.

Sitakwambia ufunge sanduku vizuri, wala usinunue chakula cha dirishani kwenye treni, wala nani akupokee Tabora. Mama yako amekwisha kuyasema hayo mara tatu, na kesho kituoni atayasema mara ya nne. Mimi nina neno moja tu, nalo ni la ile nukta.

Ile nukta nyeusi kwenye ramani ya Bwana Buibui, iliyokaa peke yake hapa Mbeya kama mtu aliyekosa lori, wenzake wote wako upande wa Iringa. Ile uliyoizungushia duara kwa rangi nyekundu. Nimeiona ramani imo sandukuni mwako, umeikunja ukaiweka juu ya Biblia, nafasi ambayo hata mchungaji hajawahi kuipata. Juzi uliporudi kwenye maswali ya wakuu wa chuo uliniambia, macho yanang'aa: "Baba, waliniuliza kwa nini nataka kuwa mwalimu. Nikawaambia baba yangu aliweka nukta kwenye ramani ya elimu, na kabla yake dunia nzima ilikuwa haijui."

Nikatoka nje kumtazama mbuzi. Mbuzi hakuwa na shida yoyote.

Nukta ile, mwanangu, sina hakika nayo. Basi, nimekwisha kusema. Sasa niachie nianze mwanzo, kwa sababu mwanzo wake ni mzuri na nataka uujue wote.

Nilikuwa kijana, nimeacha shule darasa la nne. Wako watakaokwambia nilifukuzwa. Si kweli, niliondoka mwenyewe, siku moja kabla. Nilikuwa najua kusoma, kuandika, kupika mkate, kuendesha baiskeli bila breki, na kusema "very good sir" kwa sauti tatu tofauti. Kwa hiyo alipokuja Bwana mmoja kutoka Ulaya akitafuta mtu mwerevu wa kuzunguka naye milimani, niliona anapoteza wakati akiwauliza wengine.

Alikuwa mrefu, mwembamba, miguu yake hasa kama ya hao aliowatafuta. Watu wakamwita Bwana Buibui kabla hajashusha mizigo. Naye hakutaka buibui wote. Alitaka ukoo mmoja tu: wale wanaofuma utando wa duara, kama gurudumu la baiskeli, kati ya mti na mti, na mwenyewe anakaa katikati mchana kweupe bila aibu. Mgongo wake ni mgumu kama ganda, una rangi, na una pembe sita. Unawajua. Tangu ukiwa mdogo umewaita "ng'ombe wa Baba".

Watu walidhani Bwana anaokota wadudu kama mtoto anavyookota mawe. Hapana. Alikuwa anatafuta nani ni ndugu wa nani. Kila mmoja alimpa majina mawili, la kwanza la ukoo na la pili la kwake mwenyewe. Nikamwambia huo ni utaratibu wetu, ila nyinyi mmeugeuza kichwa chini. Akacheka, akaandika kwenye daftari. Kwanza alipima pembe: urefu, na zimeinama upande gani. Kisha alimgeuza buibui chali, akamtazama kwa kioo mlango wake wa uzazi. Usifiche uso, wewe ni mwalimu mtarajiwa. Alisema pembe zinaweza kudanganya, yule akala vizuri akazirefusha, yule akala vibaya zikafupika, lakini ule mlango haudanganyi. Kila kabila la buibui lina wake. Madume hakuwapenda, maana dume ni kama punje ya ulezi, hana hata pembe za maana. Hujining'iniza pembeni mwa utando wa mke akiugongagonga uzi kwa mguu, kupiga hodi, na asipoipiga sawasawa analiwa. Bwana aliniambia hivyo nikiwa sijaoa. Nilidhani ni hadithi ya wadudu.

Katika ukoo ule kulikuwa na wa manjano, mwenye pembe fupi, huyo yuko kila mahali, hata nyuma ya choo chetu. Alikuwako mwekundu wa nchi ya joto. Na alikuwako mmoja wa kifalme: mweusi, pembe mbili ndefu zimepinda kama za ng'ombe wa Wasangu, anayekaa misitu ya ukungu tu, huko juu mashariki ya Iringa. Huyo ndiye aliyemtoa Bwana kwao. Alitaka kujua anaishia wapi. Alikuwa na ramani kubwa isiyo na kitu, na kila chupa tuliyoijaza ikawa nukta moja. Aliniambia hivi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununua sokoni, lakini nilimwelewa: "Ambakisye, nukta ni mahali mtu amesimama, ameona. Si mahali anafikiri."

Kumbuka neno hilo. Mimi sikulikumbuka.

Iringa ndiko nilikofanya upumbavu mzuri kuliko wote maishani. Uliusikia kwa mama yako, naye huusimulia vibaya, anakata mwisho. Mimi nimetoka kwetu Unyakyusa, kwa nyumba zetu za mianzi, na huko neno buibui lilikuwa na maana moja tu, mdudu. Ile nguo nyeusi ya wanawake wa Kiislamu sikuwa nimewahi kusikia jina lake. Mtu akaniambia kwa Mzee fulani wa duka, mtu wa asili ya pwani, nyuma ya nyumba kuna mabuibui mengi. Nikaenda, nimevaa kofia, kalamu mfukoni.

"Hodi mwenyeji."

"Karibu."

"Nimesikia huku nyuma mna mabuibui mengi."

"Yapo," akasema kwa fahari, maana mkewe alikuwa anayashona na kuyauza. "Unamtakia nani?"

"Bwana wangu, Mzungu. Ila anataka makubwa, ya kike."

Akanitazama. "Mzungu anataka mabuibui ya kike."

"Ndiyo Mzee. Na mwenyewe awe yumo ndani. Likiwa tupu halina kazi. Mimi namkamata taratibu tu, simuumizi, nampeleka kwa Bwana anampindua chali, anamtazama, halafu tunamtia kwenye chupa ya spiriti."

Mzee yule akaweka kikombe chini, akachukua ule mti wa kupimia nguo. Mimi bado nilikuwa natabasamu. Nilidhani anataka kunionyesha njia.

Hapo ndipo aliposikika msichana akicheka nyuma ya pazia, kicheko cha mtu mwenye uzi mdomoni. Akatoka, kitambaa cheusi kimemfunika magoti, akasema: "Mzee, mwache. Huyu anataka wadudu. Wale wa kwenye mipera." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe kaka, ukienda nyumba nyingine anza kwa kusema wadudu."

Alikuwa binti wa Kihehe aliyewekwa pale kujifunza cherehani. Huyo ndiye Agnesi, mama yako. Sehemu anayoikata ni hii: nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka mipera ile ikabaki haina buibui hata mmoja, na bado nikarudi. Mzee akaniuliza, "Leo unatafuta nini, kijana?" Nikamwambia, "Mzee, leo nimekuja kwa ile maana nyingine." Alicheka mpaka akanipa kahawa. Ndiye aliyesimama upande wangu tulipokwenda kwa wazazi wa mama yako, akawaambia, huyu ni mjinga lakini anabisha hodi.

Sasa kalamu. Bwana alinipa penseli ya kuandikia vikaratasi. Kila chupa ina kikaratasi chake, kinaingia humo humo ndani ya spiriti pamoja na buibui: mahali, siku, kimo cha mlima, jina la aliyemkamata. Mimi nikaona penseli ni ya watoto wa darasa la kwanza na maseremala. Nilikuwa nimenunua kalamu ya wino pale Iringa, na jina langu lilikuwa linapendeza sana kwa wino, hasa ile A ya kwanza. Nikawa nakwenda kuandikia vikaratasi barazani kwa yule Mzee, makusudi, ili mtu fulani aone mwandiko.

Mama yako akatazama, akasema, "Hiyo rangi yako inachuja."

"Nini?"

"Inachuja. Nguo mpya nyeusi tunaisuuza kwanza na chumvi, usipofanya hivyo inachuja. Hiyo nayo itachuja."

Nikamwambia, "Dada, wewe ni fundi wa nguo. Mimi ni fundi wa maandishi."

Nimeyaandika maneno yale hapa kama nilivyoyasema. Ningeweza kuyapunguza.

Tukapanda misitu ya Iringa, wiki nyingi, ukungu mpaka ndani ya soksi. Wapagazi walikuwa Wahehe, na kila tulipompata yule mweusi wa kifalme walinigeukia. "Kwenu Mbeya mna huyu?" Nikasema yuko. "Wapi?" Juu kabisa, nikasema, mahali nyinyi hamfiki. "Kwenu kuna baridi na viazi tu, mwe." Nikaapa mbele yao kwamba mlima wa Mbeya una kila kitu cha Iringa, na zaidi. Sikuwa nimewahi kupanda mlima wa Mbeya.

Kisha tukaja huku, tukaupanda, tukakamata wengi. Mvua ikanyesha siku zote. Na alasiri moja kama hii, Bwana akijiandaa kuondoka na lori la kesho yake, alinituma nifungue masanduku, nihesabu chupa, nifunge upya. Nikafungua. Spiriti ilikuwa ya bluu kama maji ya kufulia mashuka. Vikaratasi vilikuwa vyeupe, visafi, kama havijawahi kumjua Ambakisye. Zaidi ya chupa arobaini.

Nikamkumbuka mama yako, na siku ile sikumkumbuka kwa mapenzi.

Ningemwendea Bwana nikasema: vimechuja. Angekasirika, tungekaa chini na daftari lake, tungelinganisha, na zile zisizojulikana tungeziandikia "haijulikani". Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Lakini alikuwa ananiita macho yake. Alikuwa amewaambia wakubwa wa bomani, mbele yangu, kwamba bila huyu nisingeona kitu. Nikachukua penseli ile niliyoidharau, nikafunga mlango, nikaandika vyote upya kwa kichwa.

Na nikwambie, kichwa changu ni kizuri. Huyu nilimkamata kwenye mti uliokuwa na nyuki wakaniuma sikio. Huyu alikuwa na mguu mmoja pungufu. Huyu ni wa mipera ya Mzee, huyo ningemjua hata gizani. Zilikwenda vizuri mpaka ikabaki chupa moja, na ndani yake jike jeusi, pembe ndefu zimepinda. Nilimgeuza, nikamtazama. Labda ni wa Iringa, nilisahau kumtia sanduku la wenzake. Labda ni wa huku, wa siku ile ya ukungu tulipokamata haraka haraka bila kutazamana usoni. Nikajiuliza mpaka nikachoka. Sikujua. Na mtu asiyejua, akiwa na penseli mkononi, huandika anachokipenda. Nikaandika Mbeya.

Bwana akaja, akaipandisha chupa ile kwenye mwanga. Akakisoma kikaratasi.

"Huyu ni wa hapa?"

"Wa hapa, Bwana."

"Umeona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu haya."

Akacheza, Tusekile. Mtu mzima, miguu ile, alicheza kwenye veranda huku mvua inanyesha, akanishika mabega. Baada ya hapo, mtu angesema nini? Ningeweza kusema mengi. Nilisema "very good sir", kwa ile sauti ya tatu.

Akaondoka. Nikamwoa mama yako, ukazaliwa wewe, bibi akakupa jina la furaha. Vita vikaja, nikaenda Bama, ng'ambo ya India, nikaona meli, tembo wa kufugwa, na watu wanaokula pilipili nyingi kuliko Wahindi wa hapa. Nikarudi. Yule mweusi nilikuwa nimemsahau kabisa. Halafu ndiyo kikaja kile kijitabu cha Bwana, kwa posta, baada ya miaka yote ile, na wewe ukiwa middle school ndiye peke yako nyumbani uliyeweza kukisoma. Ulikaa pale kwenye kigoda, unanitafsiria sentensi moja moja. Ukafika kwenye ramani ukapiga kelele majirani wakaja.

Kurasa mbili nzima, unakumbuka? Kurasa mbili Bwana anaeleza jinsi yule mweusi alivyofika Mbeya. Amevukaje nyika ya Usangu, kavu, jua kali, yeye mtu wa ukungu? Ulinisomea kwamba labda watoto wake walipeperushwa: kitoto cha buibui hupanda ncha ya jani, kikainua makalio, kikatoa uzi, upepo ukakichukua. Lakini akaona ni mbali mno. Kwa hiyo akaamua kwamba zamani za kale msitu wa Iringa ulifika mpaka huku, ukakauka katikati, ukaacha kipande kimoja. Mwanangu, mimi nimetembea nchi nyingi na nimekutana na waongo wakubwa, lakini sijaona mwingine aliyepanda msitu katika Usangu yote kwa mstari mmoja wa penseli.

Ningekwambia siku ile. Kinywa nilikuwa nimekifungua. Ukasema, "Baba, nukta hii ni wewe." Nikakifunga.

Ikawa mbaya zaidi kwa sababu ikawa tamu. Mwalimu wako akaibandika ramani ukutani, akaniita nizungumze na darasa. Nikazungumza. Nikawaambia baridi, mwamba, ukungu, na chui. Chui yule sikumwona. Wala hakuwako kwenye mpango. Alitokea tu katikati ya maneno, na watoto walimpenda sana.

Tangu hapo kila masika napanda mlima nikisema nakwenda kutazama mizinga ya nyuki. Mama yako ameniuliza miaka yote hii ni nyuki gani wasiotoa asali. Nilikuwa namtafuta yule mweusi. Nilijiambia nikimpata mmoja tu, mmoja mwenye pembe moja hata, uongo utakuwa kweli na hakuna atakayejua kwamba ulitangulia. Ulianza kunifuata, ukiwa na lile daftari lako la jalada la kijani. Mwaka wa kwanza uliniuliza, "Mbona hatumwoni?" Nikasema amejificha, baridi. Mwaka wa pili nikasema tumechelewa. Mwaka wa tatu ulikaa juu ya jiwe, ukafikiri, ukasema polepole, "Baba, labda hayupo."

Nikakukasirikia. Nikakwambia wewe mtoto, kitabu kimeandikwa na mtu wa Ulaya, unakibishia? Ukafungua daftari, ukaandika. Nilichungulia baadaye. Umeandika siku, bonde, kimo kwa kukisia, miti mingapi tuliyotazama, wa manjano wangapi, na mwisho, kwa mwandiko ule wako mdogo: mweusi, hakuna. Mwaka baada ya mwaka. Hakuna. Hakuna. Hakuna.

Mimi katika maisha yangu yote sijawahi kuandika neno hilo. Nimekusanya buibui wa mikoa miwili, nimeandika vikaratasi mara mbili zaidi ya inavyotakiwa, na sikuandika "hakuna" hata mara moja, wala "sijui". Nilidhani ni maneno ya mtu aliyeshindwa. Wewe uliyaandika bila kufundishwa na mtu, ukiwa na miaka kumi na mitano, baba yako amekununia.

Sasa ndiyo nakuomba, na kuomba si mazoea yangu. Leo asubuhi nilimwambia mama yako yote, jikoni. Nilidhani atakasirika. Aliweka mwiko chini, akasema, "Nilikwambia itachuja," kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni, na mimi nikakaa, na ugali ukaungua, na wewe ukaingia ukauliza kuna nini. Hakuna kitu, tulikwambia. Hicho ndicho kilichokuwako.

Alipokwisha kujifuta macho akasema: "Mwambie kabla hajaondoka. Asiende kufundisha watoto wa watu kwa wino wako."

Basi nataka uandike barua kwa Bwana Buibui, kwa Kiingereza chako kile kizuri, maana changu kinaishia kwenye "sir". Anuani iko nyuma ya kijitabu. Mwambie Ambakisye anasema hivi: vikaratasi vilichuja, nikaandika upya kwa kichwa, na chupa ya yule mweusi sijui ni ya wapi. Usinipambe. Usiseme nilikuwa kijana. Kisha, na hii ndiyo ninayoitaka zaidi, nakili daftari lako lote la kijani, mabonde yote, miti yote, kila "hakuna", umpelekee. Tia jina lako chini, jina lote. Sijui atasema nini. Labda ataifuta nukta. Labda ataweka alama ya kuuliza pembeni yake. Labda amekwisha kufariki, na barua itasomwa na mwingine. Iandike tu.

Ukiona haya kwa ajili yangu mbele ya wale wakuu wa chuo uliowaambia, nitaelewa. Waambie nilikosea. Au waambie baba yako aliweka nukta na wewe ukaenda kuitazama, miaka mitano, kwa miguu yako; nadhani watakuchukua mara ya pili.

Kesho basi litafika Iringa kabla giza halijaingia, na utalala kwa mama mdogo. Mwambie akupeleke pale lilipokuwa duka la yule Mzee. Mzee hayupo tena, lakini mipera nasikia ipo. Wa manjano tu, usitarajie mfalme. Ukibisha hodi, anza kwa kusema wadudu.

Nasikia sauti zenu kwenye kona, na bibi amekuja nanyi, maana mnatembea polepole. Lazima nimalize, niiweke barua hii sandukuni chini ya ramani kabla hamjafika. Penseli ile ya Bwana niliihifadhi miaka yote hii bila kujua kwa nini. Leo nimeikata katikati kwa kisu. Nusu imeandika haya. Nusu yako imo ndani ya bahasha. Haipendezi, lakini haichuji. Ile kalamu ya kifuniko cha dhahabu naibakiza mimi, ya kuvaa.

Mwisho nakiandika kikaratasi kama Bwana alivyonifundisha, kwa herufi ndogo, kikae ndani pamoja na barua:

Tusekile, jike, mmoja tu. Ilomba, Mbeya. Mahali: hakika. Ameonekana kwa macho.

Aliyeandika: Ambakisye, baba yake.